Kumshinda Jamleck kwa Utulivu

Jumatatu, 13 Aprili

Presha 168 kwa 104. Sista Njambi, muuguzi aliyekuja ofisini kutupima, aliitazama mashine, akanitazama mimi, akaitazama mashine tena. Akauliza huwa nawaza nini. Nikamwambia siwazi kitu. Mkono ulikuwa unatetemeka, akaushika. Akasema moyo wangu unakimbia kama wa mtu anayefukuzwa, na mtu wa miaka hamsini na mmoja hafai kufukuzwa namna hiyo.

Dawa nitameza. Ila alinipa na zoezi. Mawazo yakinizidi, nitulie, nitaje vitu vitano ninavyoviona, vinne ninavyoweza kugusa, sauti tatu, harufu mbili, ladha moja. Polepole. Akili inarudi mwilini, alisema.

Nimejaribu mezani kwangu. Nilichoona: faili, faili, faili, faili, Jamleck.

Jamleck ndiye ugonjwa wenyewe. Meza yake inatazamana na yangu tangu tuajiriwe hapa idara ya vibali. Zamani alikuwa mtu wa kelele kama sisi wengine. Tangu mwaka jana ametulia. Kila siku saa nne anamenya chungwa, dakika kumi nzima. Ananusa ganda. Anatafuna macho yakiwa yamefumbwa. Simu inalia, yeye anatafuna. Leo Madam Waithera, mkubwa wetu, amesema mbele ya watu wote kwamba angependa ofisi nzima iwe kama Jamleck.

Mahojiano ya nafasi ya naibu wa Madam ni Ijumaa. Nimeomba nafasi hiyo mara tatu, nikaachwa mara tatu. Nikiachwa tena sijui nitapitaje mlango ule asubuhi. Kwa hiyo nimeamua. Kufikia Ijumaa nitakuwa mtulivu kuliko Jamleck. Siku nne zatosha.

Jumanne, 14 Aprili

Kugusa. Nimesoma kwenye simu kwamba nyayo zikikanyaga nyasi zenye umande, moyo unapoa. Kwetu Woodley nyasi nzuri ni za jirani, Mzee Mwaura. Saa kumi na mbili na robo nikaingia kwake peku, nikafumba macho. Umande katikati ya vidole. Baridi tamu. Ilinipendeza kweli, kwa pumzi tatu.

Pumzi ya nne nilikuwa nimesimama juu ya siafu.

Sikupiga kelele, maana mtu mtulivu hapigi kelele. Niliruka tu. Nikavua suruali, kwa sababu siafu hawangoji. Hapo Mama Mwaura akafungua pazia.

Kabla sijamaliza chai, Mzee Mwaura alikuwa mlangoni. Alimwambia mke wangu Mukai, kwa heshima zote, kwamba yeye ni mzee wa kanisa na hawezi kuruhusu uchawi kwenye nyasi zake. Mukai akamwomba msamaha. Kisha akapiga magoti, akanipaka mafuta miguuni. Alipomaliza akauliza, "Baba Wavinya, ni nini kinakukimbiza?"

Nikamwambia siafu. Hakucheka.

Jumatano, 15 Aprili

Harufu. Nimechuma majani ya mkaratusi kando ya Ngong Road. Mpango: ofisi inukie msitu, watu waulize ni nani aliyeleta utulivu huu, sifa zimfikie Madam. Saa tatu na nusu nikayatia kwenye birika la umeme, pale kwenye kona ya chai. Mvuke ukapanda vizuri. Nikafumba macho, nikavuta. Mara nikaitwa orofa ya chini kutia sahihi. Nikasahau birika.

Saa nne watu wote wakatengeneza chai kwa maji yale.

Kiarie wa uhasibu anasema kikohozi chake cha wiki mbili kimekatika. Wengine walikuwa kwenye foleni ya msalani. Lakini Madam Waithera ana pumu. Sikujua. Harufu ilimfikia kabla ya chai. Alitolewa akiwa ameshikwa mikono miwili, anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba. Mlangoni aligeuka akauliza ni nani. Mimi niliinamia faili. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu.

Jamleck ndiye aliyefungua madirisha. Akamwaga maji, akasugua birika, akarudi mezani. Akaona kitawi cha mkaratusi kimechomoza mfukoni mwangu. Akakitazama. Akaendelea na faili yake.

Hilo ndilo limeniuma. Hata uovu wangu haumtikisi.

Alhamisi, 16 Aprili

Mpango mpya: kuijua siri yake. Saa saba nilimfuata. Alitembea hadi bustani ya Jeevanjee, akaketi kwenye benchi mbali kidogo na mhubiri wa mchana. Nikajibanza nyuma ya mti.

"Kaa, Kitheka," akasema bila kugeuka. "Unanuka mkaratusi hadi leo."

Nikakaa. Sikuwa na uongo wowote tayari, nikamuuliza waziwazi anafanyaje.

Mkewe, Wangeci, alifariki Agosti. Hilo nalijua, nilikwenda mazishini, Waithaka. Niliondoka kabla ya maombi ya mwisho ili niwahi kabla ya msongamano wa magari. Alisema baada ya kumzika hakukumbuka tena kama amekula au hajala. Alikuwa akifika kazini bila kujua alipita njia gani. Kisha siku moja alijikuta jikoni ameshika chungwa, akalinusa. Ilikuwa harufu ya kwanza kuisikia kwa mwezi mzima.

"Watu wanasema nimetulia," alisema. "Saa nne ndiyo alikuwa akinipigia simu, kila siku. Sasa nashika chungwa mpaka saa hiyo ipite."

Akatoa moja, akalimenya, akanipa nusu.

Nililila polepole kama yeye. Lilikuwa kali kwanza, kisha tamu. Nilisikia brashi ya mng'arisha viatu. Nilisikia sauti ya mhubiri imekauka. Jua lilikuwa kwenye magoti yangu na sikujua limekaa hapo tangu lini. Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa umetulia tuli. Tukakaa robo saa bila maneno, na katika robo saa hiyo sikutaka chochote cha mtu yeyote. Machozi yalinijia, nikayaacha.

Halafu, tukipanda ngazi kurudi ofisini, nikawaza: jambo hili, mbele ya jopo, haliwezi kushindwa.

Ijumaa, 17 Aprili

Nilikwenda na machungwa mawili. Jopo la watu watatu: Madam Waithera, bado anahema, na mabwana wawili kutoka makao makuu. Wakauliza nakabili vipi mzigo wa kazi. Nikatoa chungwa. Nikaanza kulimenya.

Mahojiano ni dakika ishirini. Mimi nilikuwa nimepanga kumenya kumi. Dakika ya tatu maji ya ganda yalimrukia bwana mmoja jichoni. Nikaendelea, maana mtulivu hakatizwi. Nikanusa ganda. Nikafumba macho. Nikawaambia, kwa sauti ya chini kama ile ya benchini, kwamba saa nne ni saa ya mtu niliyempoteza, nami hushika chungwa mpaka saa hiyo ipite.

Nilipofumbua macho Madam alikuwa akinitazama. Yeye kule Waithaka, kwenye mazishi ya Wangeci, alibaki hadi kaburi lilipofunikwa. Akaniuliza, taratibu sana, nimempoteza nani.

Sikupata jina.

Nilirudi mezani. Nikamuuliza Jamleck zamu yake ni saa ngapi. Akasema hakuomba nafasi hiyo. Hakuwahi kuomba.

Alasiri ilitangazwa kwamba Becky wa orofa ya tatu ndiye naibu. Baadaye Madam alimwita Jamleck ofisini kwake, mlango ukafungwa. Alipotoka alirudi mezani. Alikusanya faili zake, akashika meza kwa ncha mbili, akaigeuza mpaka ikatazama dirisha. Sasa naona mgongo wake.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua tangu tutoke kanisani. Mukai aliweka viti viwili varandani, akaniambia nikae. Nikamweleza yote, hata lile la Wangeci. Hapo alifumba macho kidogo. Hakunikaripia. Aliuchukua mkono wangu, akauweka katikati ya mikono yake, akasema tusikilize mvua, tusifanye kitu kingine. Mikono yake ilikuwa na joto. Mabati yalikuwa yakinguruma.

Baada ya muda akauliza, "Unasikia nini?"

Nikamwambia nimesikia kwamba Becky anafuga nyuki kwao Mwingi. Mizinga sita. Inasemekana anakaa karibu nayo akisikiliza ule mvumo, ndiyo maana ana uso ule mtulivu. Mzinga mmoja ungetosha hapa kwenye kona, na nafasi nyingine makao makuu inatangazwa Juni.

Mukai akaurudisha mkono wangu kwenye goti langu. Akainuka, akaingia ndani, akaufunga mlango polepole, bila hata kitasa kulia.

Sijawahi kuona utulivu kama ule. Kesho nitamuuliza anafanyaje.