Bosi Bado Anachagua

Jumatatu, 3 Machi
Laptop yangu imekufa. Nimeimwagia chai ya asubuhi! Mke wangu hajui, wala hatajua. Jumamosi ukoo wake wote unakuja sebuleni kwetu kutazama filamu ya harusi ya mdogo wake. Nimeipiga mimi, sijaihariri hata kipande. Mke wangu amemwapia mama yake kwamba safari hii nitamaliza kitu. Shemeji, kaka yake, bingwa wa kuhariri kwa simu, amejitolea kunisaidia. Asinizoee!

Duka la kompyuta karibu na benki linaruhusu wateja kujaribu kabla ya kununua. Nina akili, bwana.

Jumanne, 4 Machi
Nimeingia dukani na shati alilonipigia pasi mke wangu. Nikamwambia muuzaji natafuta mashine ya kazi ya sanaa, na sinunui kwa pupa. Akaniita bosi. Nimeipenda hiyo.

Laptop imefungwa mnyororo pale mlangoni, kila apitaye anachungulia. Tableti nayo haitaki vidole vinene. Nimemkata bwana harusi kichwa. Ya mezani ndiyo yenyewe! Kioo kikubwa, iko kwenye kona, na ina kiti. Nimeimiminia harusi nzima. Kadi ya kamera nimeifuta, ya nini tena?

Alhamisi, 6 Machi
Kazi inakwenda. Muuzaji kauliza kama bosi bado anachagua. Nikamjibu kwamba rangi za kioo hazijaniingia moyoni. Kaniletea kahawa. Nimeiweka mbali.

Nimejaribu na maikrofoni. Sikuwa na la kusema, nikasema la moyoni: kwamba mama mkwe aliingia ukumbini kama anayeolewa ni yeye, na kwamba mwanawe wa simu hata kijiko hajui kukishika. Sauti safi sana! Nitaifuta kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Meza tupu! Muuzaji anasema imeuzwa jana jioni, bei ya chini kwa kuwa ilikuwa ya maonyesho. Kainunua jamaa mmoja anayehariri kwa simu, eti amechoka kuumiza macho. Akaniuliza bosi alikuwa anasubiri nini siku zote hizo.

Nikakaa kwenye kile kiti. Nikaombwa ninyanyuke.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kaja nayo, kaibeba mwenyewe mpaka sebuleni. Filamu kaikuta humo ndani, kaimalizia yeye. Nzuri, mjinga yule. Watu wakacheka, wakalia. Halafu mama mkwe akatokea kwenye kioo, anaingia ukumbini, na juu yake sauti yangu. Safi sana. Shemeji anasema alidhani ni sehemu ya filamu.

Mama mkwe alitafuta viatu vyake.

Mke wangu alimsindikiza. Aliporudi akaniuliza kwa nini sikusema tu kwamba laptop imekufa, angeniazima yake ya kazini. Kisha akasema hatamwahidi tena mtu yeyote kitu kwa ajili yangu. Hakupaza sauti. Imeniuma, inaniuma mpaka sasa.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala kwenye kochi, nimewaza sana. Kosa nimeliona, na ni moja tu: nilichagua ya mezani. Laptop ina mnyororo, nani angeibeba?

Nitamtengenezea mama mkwe filamu ya kumwomba radhi. Ng'ambo ya barabara kuna duka jingine, hawanijui. Kesho naenda kuchagua.

Shati itabidi nipige pasi mwenyewe.