Goti Langu na Vyura wa Mlimani

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza mafunzo ya kazi. Hifadhi ni nzuri, hasa kwenye ramani. Mkuu wa kituo ametueleza sisi vijana wawili: joto linazidi bondeni, vyura wanahamia juu mlimani, nasi tutapanda kila Jumatano kuwahesabu. Nilisomea takwimu ili nikae kwenye kiti. Tena vyura nawaogopa, jambo ambalo sikuliandika kwenye maombi. Mwenzangu, dada tunayemwita Profesa kwa miwani yake, akauliza kama tunaweza kuanza leo. Watu wengine hawana haya.
Mwishoni ataajiriwa mmoja tu. Kazi naitaka. Naitaka nikiwa nimekaa.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata mbinu. Baada ya chai nikaanza kuchechemea. Profesa akasema mbona asubuhi niliruka mtaro kama swala. Nikamjibu ndipo hapo hapo goti lilipoteguka. Mkuu akanipa pole, na kiti chenye mto. Mnyonge hana haki, mgonjwa anayo.

Jumatano, 6 Machi
Wamepanda bila mimi. Siku tulivu. Nimechora grafu za vyura. Kwenye grafu ni wapole sana.
Jioni Profesa akarudi na matope hadi kiunoni, anacheka peke yake. Mkuu akamsifu mbele ya mpishi. Ajira nikaiona inaniponyoka. Nikasema, kwa huzuni ya kiasi, kwamba isingekuwa goti hili ningehamia kabisa huko juu. Mkuu akanitazama kwa muda. Nadhani nimemgusa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemgusa mno. Ameniita na kusema amelifikiria goti langu usiku kucha. Kinachoniumiza si mlima, ni kupanda na kushuka. Basi nitapandishwa mara moja tu, kwa punda, nikae kwenye kibanda cha utafiti hadi mafunzo yaishe. Kipo kando ya dimbwi. Vyura huja wenyewe mlangoni, sitapiga hata hatua. Profesa atashika grafu zangu.
Kusema goti limepona ni kusema halikuumia. Nikashukuru. Profesa akaninong'oneza hongera, kaka, nisisahau kuwasalimia wenyeji.
Mama naye kwenye simu akauliza kama ni mimi yule yule niliyekimbia jongoo nikiwa kidato cha nne. Nikasema mtandao unasumbua.

Jumapili, 10 Machi, kibandani
Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepanda mlima mzima.
Chura mmoja amekaa kwenye kiatu changu, ananikagua. Wenzake wanaimba chini ya kitanda. Mimi nipo juu ya meza.
Nimetafakari kwa utulivu, na kosa nimelipata. Nilichagua kiungo kisichofaa. Goti humzuia mtu kutembea, halimzuii kuhesabu. Kesho Mkuu akiita kwenye redio, nitamweleza taratibu kwamba macho yameanza kuingia ukungu.