Ghala Lisilo na Mlango

Jumatatu, 3 Machi
Shajara, niwie radhi. Wiki tano kimya! Sikuugua wala sikusafiri, nilinuna.

Wameling'oa kabati langu la diski. Miaka kumi na tisa nimekuwa Mtunza Ghala la Data, ufunguo ninao peke yangu. Sasa zimeletwa seva tatu, na kila moja inaendesha programu za ofisi na kuhifadhi data papo hapo. Programu imeziunganisha diski zote zikawa ghala moja. Ghala lisilo na mlango! Ijumaa Mkurugenzi ataamua kama cheo changu kifutwe.

Fundi aliyezileta ni binti wa dada yangu. Nilimbeba mgongoni huyu!

Jumanne, 4 Machi
Nimemhoji kwa upole: data imo katika seva ipi? Akasema imo katika zote, mjomba. Kila faili lina nakala mbili, kila nakala kwenye seva yake. Nikamtaka anijibu kama mtu mzima. Akaniuliza sukari ya chai hukaa upande gani wa kikombe. Utovu wa adabu! Lakini nimeng'amua. Imo katika seva ya katikati. Ndiyo yenye taa nyingi.

Jumatano, 5 Machi
Saa ya chakula nimeichomoa ya katikati na kuificha chini ya meza yangu. Nzito kama gunia la saruji. Nikaketi kusubiri vilio. Watanipigia magoti, nami nitaipata data yao "kwa uzoefu".

Hakuna aliyelia. Mhasibu anachapa. Karani anaimba! Nikapita meza kwa meza nikiuliza kama hawajapotelewa na kitu. Karani akasema labda subira, maana namuuliza mara ya nne.

Mpwa wangu akapiga simu: seva moja imezimika, programu inajitengenezea nakala mpya, atakuja kesho, hakuna haraka. Hakuna haraka! Na kiuno changu je?

Alhamisi, 6 Machi
Nilikosea seva tu. Leo nimeichukua ya kushoto pia. Kompyuta zote zimeganda. Raha iliyoje!

Mpwa akaja mbio. Akaeleza kwamba seva hizi hupiga kura: mbili zikiwa pamoja, kazi huendelea, moja ikibaki pekee, hunyamaza isije ikaharibu data. Wengi wape, mjomba. Kisha akafuata mikwaruzo ya seva sakafuni hadi mezani kwangu. Nikamwambia nilikuwa nazihifadhi. Si ndiyo kazi yangu? Akazirudisha. Haikupotea hata herufi moja. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, ameyaona yote.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao kinaendelea, mimi nipo nje. Jina langu limetajwa mara sita, mara ya mwisho kwa sauti kuu. Heshima hiyo!

Dada yangu amenipigia simu: nimwombe mwanawe radhi, nimemwaibisha kazini. Mimi! Nani mwingine amethibitisha kwamba mitambo ya mwanawe haipotezi kitu? Isitoshe, sasa nimeelewa kila kitu. Data yote imo katika seva ya kulia. Ndiyo pekee ambayo sikuigusa.

Korido ya kwenda kwenye seva ni tupu. Uamuzi ukitoka nitakuandikia. Kwa sasa mikono yangu ina kazi.