Rejeta ya Oili na Omena za Mama Adongo

Jumatatu, 15 Aprili

Injini imewaka! Injini ya Mazda, ile isiyo na pistoni, pembetatu mbili tu zinazozunguka tumboni. Miaka sita nimeijenga ndege hii katika ghala la Mama Adongo hapa Dunga, na leo imenguruma. Kwa muda mfupi. Kabla sijamaliza kutabasamu, geji ya joto la oili ilikuwa kwenye nyekundu. Nikazima.

Wakoli amepanga nusu ya pili ya ghala. Naye anajenga ndege, ya injini ya Subaru. Akasema yangu si ndege, ni karai la mandazi. Nikamjibu kwamba mandazi huliwa na wenye subira. Maana yake nitaitafuta baadaye.

Kisha akaja Mama Adongo mwenyewe. Mvua haikatiki, omena zake, dagaa wa ziwani anazoanika, zinaoza uani, anataka nafasi ndani. Ametoa hukumu: Jumamosi atasonga ugali, na injini itakayozimika kabla haujaiva, mwenyewe aihamishe ndege yake. Ya Wakoli inaweza kunguruma mpaka ugali uungue. Sina wasiwasi. Nina mpango.

Jumanne, 16 Aprili

Asubuhi nilikuwa sokoni Kibuye. Nimepata rejeta ya oili ya lori, kubwa ajabu, na muuzaji amenipongeza kwa jicho langu. Nimeifunga chini ya pua ya ndege, mbele yake mdomo wa mabati wa kumeza upepo wa propela. Upande wa nyuma nimeziba kabisa kwa sufuria ya Debra, mke wangu, nikaikaza kwa waya. Hewa nimeihangaikia kuikamata, iweje niiache itoroke kabla haijafanya kazi?

Jaribio: nyekundu. Mdomo ni mdogo, bila shaka.

Debra aliuliza sufuria yake iko wapi. Nikasema iko kwenye sayansi. Tumekula mkate.

Jumatano, 17 Aprili

Nimepanua mdomo. Sasa ndege inafanana na mbuta aliyetolewa majini. Nyekundu.

Nikampigia Shitanda wa Nakuru, ambaye ndege yake, ya injini kama yangu, huruka kweli. Akasema injini hizi hutoa joto jingi sana kupitia oili, kisha akauliza hewa yangu ikishaingia inatokea wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba shida yangu ni kuingia, si kutoka. Akarudia swali lilelile. Watu wengine hawasikii, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nimepanua mdomo tena.

Alhamisi, 18 Aprili

Upelelezi. Wakoli alienda kunywa chai, nikaingiza mkono ndani ya ndege yake ili nipime siri zake. Siri nimezipata, mkono haukutoka. Wakoli alirudi akanikuta nimeikumbatia Subaru. Nikasema nilikuwa napita. Akaleta sabuni, akanitoa, akanipa na chai. Mtu mwenye kiburi sana.

Lakini nimeona! Nyuma ya rejeta yake kuna tundu linaloweza kupitisha kichwa changu. Maskini, mabati yalimwishia.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua kutwa. Mama Adongo ameingiza trei za omena ghalani, amezipanga nyuma ya ndege yangu na kuzifunika wavu, kana kwamba nimeshahama. Sikupinga. Nilikaa kwenye kiti cha rubani nikasikia uchungu wa kweli. Nyumbani hakuna pa kuweka hata bawa moja. Debra akaja na mwavuli, akaketi kwenye bawa, akasema hata nikifukuzwa ndege hatutaiuza. Sufuria, lakini, anaitaka.

Jumamosi, 20 Aprili

Ushindi!

Pua tuliielekeza mlangoni, ndege ikafungwa kwenye nguzo, moshi ukatolewa nje kwa bomba. Mama Adongo akamwaga unga. Nikawasha. Sindano ikapanda. Wakoli, ambaye Subaru yake hakuna aliyeitilia shaka, alikuwa anatabasamu. Sindano ikafika ukingoni mwa nyekundu, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi.

Pwaa! Waya zikakatika, sufuria ikaruka nyuma, ikagonga ukuta. Upepo wa moto ukafumuka kutoka kwenye tundu ambalo sufuria ilikuwa imeliziba, moja kwa moja hadi kwenye trei za omena. Na sindano ikashuka. Ikashuka mpaka katikati, ikatulia.

Ugali ukaiva. Nikanyoosha mkono nizime. Mama Adongo alikuwa anavunja omena moja kwa vidole, anaisikiliza inavyokatika.

“Wewe Oyugi, usizime,” akasema. “Hii imekauka kuliko ya jua.”

Tumekula ugali injini ikiendelea.

Jumapili, 21 Aprili

Baada ya kanisa Mama Adongo ametangaza: mimi nabaki, na ndege isitoke ghalani mpaka mvua ziishe. Petroli atanunua yeye. Wakoli hakununa. Alisema ndege yake haihitaji tena ghala, inahitaji uwanja wa kurukia, na kesho anaihamishia upande wa Otonglo. Namhurumia.

Shitanda amepiga simu kuuliza kama nilitafuta njia ya kutokea. Nikamwambia mambo yamenyooka, siri ni ukubwa wa mdomo.

Nina furaha. Kasoro ni moja tu, lile tundu la nyuma, hewa yangu yote inapotelea humo. Juu ya kabati Debra ana sufuria ya harusi, nzito, inatosha kabisa. Kesho nitaliziba, na safari hii nitatumia boliti.