Wanaolinda Baridi ya Makambako

Gesti ya Upepo Mwanana,
Karibu na stendi,
Makambako.
Julai, 2005

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na gazeti lako lina nafasi, maana nililo nalo halienei kwenye kona ya matangazo ya vifo.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa. Nilipanda huku nikimfuata mume wangu Halfan, mwenye lori, na hapa tukafungua gesti. Ninawashitaki kwako watu wawili: Dada Modesta, mwalimu wa Mjimwema kule Njombe, na Mzee Yosefu, mstaafu wa reli wa hapa mjini. Hawa wanajitolea kulinda tovuti iitwayo Miji Yetu. Kama hujaifungua, ni tovuti ambayo kila msomaji anaruhusiwa kubonyeza neno "hariri" na kuandika anachokijua kuhusu mji wake. Niliruhusiwa, nikabonyeza, nikaandika. Yaliyonipata ni haya:

1. Ukurasa wa Makambako ulisema: "Mji una upepo na baridi kali, hasa Juni hadi Agosti." Kwa nia njema nikaondoa upepo, nikaondoa baridi, nikaandika: "Hali ya hewa ni ya kupendeza, kama Kilwa baada ya mvua." Nilikuwa bado nimekaa pale intaneti kafe, chai haijapoa, baridi ikarudishwa. Chini yake niliachiwa ujumbe: "Tafadhali usiharibu ukurasa." Mimi, Mhariri, ambaye mashuka ya wageni wangu hupigwa pasi pande zote mbili, naitwa mharibifu.

2. Nilipoandika tena, Dada Modesta alinijibu kwa adabu ambayo sikuipenda. Alianza, "Kamwene, dada," kama wanavyosalimiana Wabena, kisha akaniomba nitaje chanzo cha habari zangu. Nikamjibu kwamba chanzo ni mimi mwenyewe, nakaa hapa. Akasema naye yuko hapa Makambako kwa semina ya walimu, na amevaa sweta mbili. Sasa nauliza, sweta ni ushahidi? Watu wa Njombe huzaliwa nazo.

3. Mzee Yosefu akaweka picha ya jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi, kwenye majani ya viazi, nyeupe tupu. Nikaandika kwamba ile ni chumvi iliyomwagwa na jirani mwenye husuda. Wakaiondoa chumvi yangu, jalidi ikabaki. Ndugu Mhariri, tangu soko liwe huria, sabuni tunachagua, mabati tunachagua, hata kampuni ya simu tunachagua. Kwa nini hali ya hewa tuendelee kugawiwa na kamati, kama sukari ya zamani?

4. Hapa naomba unisome taratibu. Mji wenye joto usio na bahari humtia msomaji mashaka. Kwa hiyo, ili maelezo yangu yasipingane, nikaongeza bahari. Si kubwa. Nyuma ya gesti kuna bwawa, bata wanaogelea, na mchanga wa kujengea alioushusha Halfan upo pembeni. Nikaandika "ufuo mdogo." Nikaandika pia kwamba nazi zinapatikana, jambo ambalo ni kweli, zinakuja na lori kila wiki. Mzee Yosefu akatoka nyumbani kwake kwa baiskeli, akaja kulitazama bwawa, akanisalimu, akanywa uji wangu, akarudi na kuandika: "Bahari haikuonekana." Jioni ile wakaufunga ukurasa nisiweze kugusa hata nukta.

5. Watu hawa hawalipwi. Hili ndilo linalonitisha zaidi. Modesta ana darasa, ana shamba, ana watoto, na jioni anakwenda kulinda ukurasa wa mji usio wake, hapewi hata soda. Mtu asiye na mshahara utamtishia kwa kumfukuza kazi ipi? Asiyetaka kitu utamhonga nini? Nilimpelekea Mzee Yosefu kuku. Akashukuru, akamla, na baridi akaiacha pale pale. Taifa likijaa watu wa namna hii, Mhariri, biashara itafanyikaje?

6. Nakuja kwenye jeraha lenyewe. Nina dada yangu mkubwa, Mwanaheri, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Tangu niolewe hajakanyaga kwangu. Kila nikimwalika hunijibu, "Mdogo wangu, huko kwenye barafu nitakuja kufa, na maiti yangu itachelewa kuoza." Nimezaa hajaniona, nimejenga hajaona. Mwezi uliopita mwanawe Kheri, anayeishi naye Dar es Salaam, alimfungulia tovuti ile amsomee kuhusu mji wetu. Dada akanipigia simu, akasema, "Nimesikia. Nitafikiri." Tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Nani alimkatisha tamaa, kama si wale walinzi na jalidi yao?

Kwa hiyo naomba Serikali: kila mkazi apewe haki ya hali ya hewa iliyo juu ya bati lake, wanaojitolea walazimishwe kupokea mshahara ili waweze kuogopa kama sisi, na Modesta aamriwe kuvua sweta moja mbele ya mashahidi.

Wasalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa na anayewachemshia chai. Halfan anakusalimu, ingawa hajui ninachoandika.

Ni mimi, mkazi mwenye uchungu na mji wake,
Somoe Mfaume

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha, dada Mwanaheri akashuka kwenye basi. Amevaa koti la mtumba la kiume, soksi juu ya soksi, na kofia ya sufu imemfika machoni. Nimelia mpaka wageni wametoka vyumbani. Anasema Kheri alimsomea mara mbili. Mara ya kwanza alisikia joto na bahari, akasema, "Huyo ni Somoe. Siendi kwa mtu anayenidanganya kabla sijafika." Kesho yake alisikia baridi, na ushauri aliouongeza Modesta chini yake kwamba mgeni aje na nguo nzito, awahi jikoni, aombe chai ya tangawizi. Akauza simu yake, akanunua koti. Sasa amekaa jikoni kwangu, miguu karibu na moto, na hataki kusikia habari ya kuondoka. Lalamiko lake ni moja tu: neno "kali" halitoshi. Amenituma nikalirekebishe, na ukurasa bado umefungwa. Ukimpata Dada Modesta, Mhariri, tafadhali mwambie aongeze baridi.