Jinsi Nilivyoipunguza Uzito Kompyuta ya Mke Wangu

Jumatatu, 11 Novemba

Kompyuta ya mke wangu imezeeka vibaya. Ukiiwasha, unaweza kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha na kikombe, ndipo ifunguke. Leo nimemkuta ameshika tama mbele yake. Nikamwonea huruma.

Jumamosi anaagwa shuleni. Anastaafu. Maisha yake yote ya kazi amefundisha darasa la pili, na kila mtoto aliyepita mikononi mwake alimrekodi akisoma kifungu kilekile kifupi, cha mbuzi aliyekataa kuvuka dimbwi. Anataka sauti hizo zisikike ukumbini, za kila mwaka, na watu wazima watakaokuja wajisikie walivyokuwa. Hataki hotuba. Hataki zawadi. Anataka mbuzi wake tu.

Sasa mashine inakwamakwama. Rekodi ndogo inakatika kama mtu mwenye kwikwi. Akasema atampigia mdogo wake.

Mdogo wake tena! Shemeji ni fundi kompyuta. Kila kinachoharibika humu ndani huitiwa yeye. Televisheni, yeye. Kengele ya mlangoni, yeye. Mwaka jana alitengeneza mpaka pasi, mimi nikiwa bado nimeishika. Nikasema hapana, hii niachiwe mimi. Mke wangu akanitazama kwa upole. Sikuupenda ule upole.

Hata hivyo nilimpigia shemeji kisirisiri, kumpima tu. Nikamuuliza juu ya zile programu za kusafisha kompyuta na kuiongezea kasi. Akasema, shemeji, achana nazo, nyingi zinaishi kwa kutisha watu. Mashine ina vifaa vyake vya kufagia. Hizo zikikusaidia ni kidogo, zikikuharibia ni sana. Eti dawa ni kuzima vitu vinavyojiwasha vyenyewe, kuongeza memori na kubadilisha diski. Akasema atakuja Alhamisi.

Wivu wa kazi. Fundi gani atakusifia programu inayomnyima mteja?

Jumanne, 12 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini nusu siku. Nikaketi mbele ya kompyuta. Sikuhitaji hata kutafuta. Tangazo lilijileta lenyewe, kwa Kiswahili safi, likaniambia mashine yangu ni mgonjwa na linaweza kuiponya bure. Bure! Na shemeji alitaka tununue diski.

Lakini mimi si mtu wa kukurupuka. Nilimpigia mke wangu kwanza. Alikuwa kwenye kikao cha walimu, akawa ananong'ona. Nikamwambia kuna programu ya kupunguza uzito imejitokeza kwenye kioo, niifanyeje. Akasema, funga tu, nitaangalia jioni.

Basi nikafunga. Mimi ni karani wa ghala la magodoro. Kule kwetu rafu mpya zikiletwa, bosi husema fungeni, na mafundi huzifunga ukutani hapohapo. Kiyoyozi kikija, funga. Kamera zikija, funga. Sijawahi kuona mtu anaambiwa funga akarudisha kitu kwenye gari. Niliifunga programu mpaka mwisho. Iliponiuliza swali nilijibu Ndiyo, ili nisiichoshe.

Ikapekua. Takataka nyekundu kila mahali. Aibu ilinivaa, kana kwamba mgeni kafunua jiko letu. Kisha ikaleta orodha ya nakala zinazojirudia. Mbuzi. Mbuzi. Mbuzi. Mbuzi. Mbuzi kutoka juu mpaka chini, na wengine kwenye flash ya akiba ambayo mke wangu huiacha imechomekwa pembeni. Kundi zima, jina moja!

Hapo nikaelewa ugonjwa. Mke wangu ni mtu wa wasiwasi, alikuwa amenakili rekodi yake mara mamia. Ghalani godoro la aina moja likizidi, linatolewa. Lakini nilikumbuka Jumamosi. Mimi si mjinga. Nikachagua Bakiza Moja.

Halafu ikaniuliza kama nataka Kusafisha kwa Kina, takataka zisirudi tena kamwe. Sentensi hiyo niliipenda sana. Ndiyo.

Kioo kikageuka kijani. Afya asilimia mia. Mimi mwenyewe sijawahi kuambiwa hivyo na daktari yeyote.

Jioni mke wangu aliingia amechoka, ana rundo la mitihani ya kusahihisha. Akauliza kama ile programu niliifunga. Nikamwambia nimeifunga vizuri sana. Akasema ahsante, baba watoto. Nililala kifua mbele.

Jumatano, 13 Novemba

Inakwenda polepole kuliko jana.

Chanzo ni programu yenyewe. Ukiwasha tu, inaamka kabla ya kila kitu na kuanza kujisifu. Tena haikuja peke yake. Imeleta ndugu zake: mmoja wa hali ya hewa, mmoja wa mchezo wa karata, na mmoja anayeniuliza kila dakika kama nimefikiria kununua ile kubwa yao. Nyumba imejaa wageni ambao sikuwaalika, ingawa nadhani niliwaalika kwa zile Ndiyo.

Mke wangu yuko shuleni. Nikasema ngoja nimsikilize mbuzi niliyembakiza, nihakikishe hakatiki.

Nikafungua. Sauti ya mke wangu: moja, mbili, moja, mbili, najaribu. Nyuma yake, kutoka jikoni, sauti yangu ikiuliza soksi zangu ziko wapi. Kisha kimya. Basi.

Nikaanza kufungua folda moja baada ya nyingine. Kila folda ina jina la mtoto na mwaka wake. Ndani ya kila folda palikuwa na faili moja, nayo kila mahali aliiita Mbuzi, kwa sababu jina la mtoto lilikwishaandikwa mlangoni. Ndivyo mwalimu anavyofanya kazi zake, nadhifu. Majina yote yapo. Sauti hazipo.

Hazikuwa nakala. Kila mbuzi alikuwa mtoto.

Kisha nikaikuta folda ya binti yetu. Alipita darasa la mama yake akiwa hana meno ya mbele. Alikuwa akisema mbudhi. Mbudhi akakataa. Siku hizi anaishi mbali, pamoja na watoto wake mwenyewe, na akipiga simu, wakishaagana, mama yake huifungua rekodi ile akaisikiliza mara moja, kisha akaendelea na kazi. Mimi humwambia apunguze sauti nasikiliza habari.

Folda ni tupu. Nimeifungua na kuifunga mara nyingi. Nimekaa na mikono mapajani. Laiti ningemsubiri shemeji.

Alhamisi, 14 Novemba

Shemeji amekuja na kibegi chake. Nilikuwa nimepanga kumwambia umeme ulikatika. Alipoona kijani na asilimia mia, akanigeukia na kuniuliza nilibonyeza nini. Nikasema yote.

Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Hilo liliniuma zaidi. Ameshinda kwenye kiti kile tangu asubuhi, hata chai imepoa pembeni. Akasema ningefuta tu kwa kawaida angezirudisha zote, maana kitu kikifutwa hubaki chini kwa muda. Ila Kusafisha kwa Kina hupita juu yake na tambara. Na akiba ilikuwa imechomekwa, nayo imepigwa tambara hilohilo.

Alipata vipande vichache. Katika kimoja mtoto anasema mbu, halafu kelele kama mchanga ndani ya bati. Tulikisikiliza wote wawili. 

Akaondoa programu na ndugu zake, akazima vinavyojiwasha, mashine ikawa inakwenda. Ilikuwa kazi ndogo sana. Kisha akanishika bega akasema, shemeji, mwambie dada leo hii, usingoje. Nikamuahidi.

Mke wangu aliporudi alifurahi kuona kompyuta inafunguka haraka. Akanishika shavu. Nikajikaza kisabuni, nikafungua mdomo, nikamwambia chakula kiko tayari.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimepata njia!

Wapakizi wetu ghalani ni wanne. Saa ya mapumziko niliwakusanya nyuma ya magodoro, mahali penye utulivu, nikawapa kifungu cha mbuzi na kuwaomba wakisome kwa sauti za watoto, nikiwarekodi kwa simu. Kiongozi wao, tunayemwita Tani Moja, ana sauti inayotikisa madirisha. Alijitahidi. Sauti ilitoka kama ya jogoo anayebanwa. Wa pili alicheka mpaka akakaa chini. Wa tatu alisoma vizuri sana, nikamtumia mara sita, akibana pua kwa miaka ya mwanzo na kuiachia kwa miaka ya karibuni.

Wa nne hakuigiza. Alisoma silabi kwa silabi, kidole kwenye mstari, jasho likimtoka. Alipofika kwenye dimbwi akaniuliza kama amepatia. Nikamwambia amepatia. Nilitaka kuacha pale pale, lakini nilikuwa nimekwisha kufika mbali.

Rekodi hizo nimezigawa kwenye folda. Ya binti yetu sikuijaza. Sikuweza.

Jumamosi, 16 Novemba

Asubuhi mke wangu alivaa vile vipokea sauti vya masikioni, asikilize kidogo kabla ya kwenda ukumbini. Mimi nilikuwa napaka viatu dawa, kiatu kilekile, muda mrefu.

Mwanzo alitabasamu. Kisha akakunja uso. Akaniita kwa utulivu na kuniuliza ni mtoto gani wa darasa la pili anayekohoa sigara. Tena ni nani yule anayesikika nyuma akiagiza godoro lile la sita kwa sita literemshwe.

Nikaumbuka. Nikamweleza yote, tangu tangazo. Nilipofika kwenye funga, alifumba macho. Hakunifokea. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ya binti yetu nayo imekwenda. Nikaitikia kwa kichwa. Akavua vya masikioni, akaukunja waya wake taratibu, akaenda kupiga pasi gauni lake. 

Ukumbi ulijaa. Alisimama akawaambia sauti zimepotea. Hakusema zimepotezwa na nani, wala hakunitupia jicho. Nilikuwa safu ya nyuma na ningependa kuwa nyuma zaidi. Akasema lakini kifungu ni kifupi, labda yupo anayekikumbuka.

Akasimama mwanamume mwenye ndevu, askari, na sare yake. Akakisema chote kwa kichwa. Akafuata mama mjamzito. Akafuata kinyozi wangu, sikujua kama alipita kwake. Wakawa wanasimama mmoja mmoja, na ukumbi unacheka na kufuta machozi kwa pamoja. Mke wangu alikuwa anawarekodi wote kwa simu yake, mkono umenyooka.

Mwisho shemeji alimpigia binti yetu, akamweka kwenye spika. Naye akasoma. Sauti ya mwanamke mzima, pole na nzuri. Akasema mbuzi, barabara kabisa, herufi z na kila kitu. Watu wakapiga makofi. Mke wangu akainamisha kichwa, na mimi nikatoka nje nikasimama karibu na mapipa ya taka.

Jumapili, 17 Novemba

Tumeongea kidogo. Amesema amenisamehe, ila kuzoea kutachukua muda, nisimharakishe. Akaniomba jambo moja, nisiiguse tena kompyuta yake. Nimekubali kwa moyo wote. Nilimwambia najuta, na ni kweli, sijawahi kujuta hivi.

Mchana mzima amekaa kibarazani na simu, anawasikiliza wasomaji wake wakubwa. Nilimpelekea maji. Akasogea kidogo nipate nafasi ya kukaa.

Jumatano, 20 Novemba

Amekwenda kwa jirani, simu ameiacha kwenye chaji. Nimeipitia tu kuona saa. Inasuasua! Unagusa, inafikiria, ndipo inajibu. Bila shaka ni zile rekodi za ukumbini, ndefu, kila mtu na makofi yake. Siku moja atataka kuzisikiliza na zitakatika. Nikahisi uchungu kwa niaba yake.

Ujumbe ukatokea wenyewe. Simu imejaa, ungependa kuisaidia?

Nilirudi nyuma hatua moja. Nilimfikiria shemeji, lakini angekuja na kibegi. Isitoshe nilikatazwa kompyuta, na hii ni simu. Safari hii nimevaa miwani, nimesoma kila neno, hata yale madogo ya chini. Hakuna mahali panaposema kufuta. Panasema kuweka huru. Rekodi zinazofanana zitawekwa huru. Kweli zinafanana, wote wamesoma kifungu kimoja, na sioni ubaya wa kitu kuwa huru. Akirudi atashangaa.

Nimebonyeza. Simu imepata joto kidogo mkononi, nadhani ndiyo dalili kwamba inapona.