Mto Wangu wa Ngazidja

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nimepata njia! Papa Abdulhamid anataka kumwoza binti yake Safiya kwa kijana mwenye asili ya visiwani. Yunus, yule fundi cherehani, tayari amejitangaza mjukuu wa Unguja. Mwongo mkubwa! Basi kuanzia leo babu yangu ni mtu wa Ngazidja, Komoro. Kweli alilima mihogo kijijini Yahuma, bara kabisa, na bahari hakuiona. Lakini angeiona, angeipenda.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimesoma Komoro kwenye simu. Visiwa vya volkano! Ngazidja ina mlima Karthala, unatema moto. Nilipofika kwenye mito, chaji ikaisha. Si neno. Mimi mtoto wa Kisangani, niliyekulia kando ya mto mkubwa, nifundishwe mito?

Alhamisi, 9 Oktoba
Ushindi! Barazani kwa Papa nilianza na Karthala. Safiya akaacha kumenya ndizi. Nikashuka mlima taratibu mpaka mtoni. Mto mpana, nikasema, ng'ambo huioni vizuri. Maporomoko, wavuvi na mitego yao, mashua zimejaa makaa. Papa akauliza kisiwa kina ukubwa gani. Nikasema kinatosha. Na Yunus? Unguja yake haina hata mlima wa maana. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Tshopo, kwa miguu, kifua mbele, watu wanione.

Ijumaa, 10 Oktoba
Yule nyoka Yunus! Baada ya sala alimleta barazani Tonton Mahmoudi, mzee mfanyabiashara aliyeishi Moroni, huko huko Ngazidja. Akaeleza kwa upole kwamba Ngazidja haina mto. Hata mmoja! Jiwe la volkano linanyonya mvua yote, watu wanaikinga kwenye matangi. Papa akanigeukia: “Alors, mutoto ya Ngazidja, ile mutoni yako iko wapi?” Nikajibu iko chini ya ardhi. Akauliza na wavuvi? Nikasema nao pia. Baraza zima likacheka, Safiya kuliko wote. Hapo niliumia. Nilikuwa nampenda kweli.

Jumapili, 12 Oktoba
Yunus amemchumbia Safiya. Nimelia kidogo. Halafu nikaona wazi: kosa ni la Ngazidja. Nchi gani haina mto! Nimeiacha, siitaki tena.
Papa yake Madina, msichana wa jirani, naye anapenda sana watu wa visiwani. Kwa hiyo babu yangu sasa ni wa Maldivi. Simu inadai huko kote ni tambarare, mnazi unaizidi nchi urefu. Wivu tu. Mtu kama mimi hawezi kutoka nchi isiyo na mlima. Nitaiwekea mmoja, wenye theluji.